Baridi ya Vidole vya Mwavita

Buyenzi ni mtaa unaoamka kwa kelele. Adhana ikiisha tu, mafundi wa magari wanaanza kugonga vyuma. Wanawake wanamwaga maji mbele ya nyumba ili vumbi litulie. Wenye mandazi wanaita wateja. Hata wakati wa vita, hata mwaka ule wa vikwazo vya nchi jirani, petroli ilipouzwa kwa chupa kama dawa, Buyenzi haikujua kuamka kimya kimya.

Nyumbani kwa Mwavita kulikuwa na sauti moja zaidi. Ilikuwa sauti ya friji kubwa lililowekwa barazani. Liliunguruma mchana kutwa kama mzee anayesinzia. Mumewe, marehemu Twalibu, alilinunua likiwa bovu, akalitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi wa magari, lakini hakukubali kwamba kuna mashine inayoweza kumshinda. Na kweli, Twalibu alikwenda zake, friji likabaki linafanya kazi.

Mwavita aliishi kwa kazi mbili. Asubuhi aliuza barafu na vipakiti vya maji ya matunda ya marakuja yaliyoganda. Alasiri alishona kofia kwa mkono, zile kofia nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo. Mtaa mzima ulijua kazi yake. Mtu akipita na kofia nzuri, watu walisema, "Iyo ni ya Mama Sijaona," hata kabla ya kumsalimia mwenye kichwa.

Sijaona alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa amemaliza shule, na sasa amechumbiwa na Massoudi, muuza vipuri vya magari. Harusi ilipangwa baada ya mwezi wa mfungo. Katika ukoo wa Mwavita kuna desturi. Kofia ya bwana harusi inashonwa na mama wa bibi harusi, kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake alimshonea Twalibu. Bibi yake alimshonea baba yake. Kofia ya kununua ingekuwa aibu. Watu wangesema bwana harusi amepokewa mlangoni, hakukaribishwa ndani.

Kwa hiyo Mwavita alianza kofia ya Massoudi. Aliishona vizuri mpaka nusu. Hapo ndipo vidole vilipomwangusha.

Ilianza asubuhi moja, akitoa barafu kwenye friji. Alitazama mkono wake wa kulia, akaona vidole vimekuwa vyeupe kama chaki. Alivigusa, havikusikia. Baada ya muda viligeuka rangi ya zambarau. Kisha vikawa vyekundu, vikamchoma kama vimepigwa na upupu. Halafu vikarudi kama kawaida, utadhani hakuna kilichotokea.

Siku nyingine hakugusa barafu kabisa. Alikuwa amekaa tu na sindano yake. Bunduki zikalia huko milimani juu ya mji. Vidole vikawa vyeupe.

Majirani waliona, na majirani hawana likizo. Mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema kuna mtu ametia kitu kwenye uzi wake, kwa wivu wa kofia. Mwavita aliwasikiliza wote. Yeye alikuwa na maelezo yake, na hakutaka kuyagawia mtu.

Twalibu alikuwa amekwenda Gasenyi, kule pembezoni mwa mji, kutengeneza gari la mtu. Risasi zilimkuta huko. Waliporudisha maiti yake nyumbani, Mwavita alimshika mkono wa kulia kabla hajachukuliwa kwenda kuzikwa. Ulikuwa baridi. Baridi ile ilimwingia vidoleni, na hakuisahau tena.

Sasa vidole vilipoanza kuwa baridi vyenyewe, alijua. Alijua, au alitaka iwe hivyo, na kwa mtu aliyefiwa hayo ni kitu kimoja. Ni Twalibu anakuja kumshika mkono.

Tangu hapo akawa na siri. Kila alasiri, baada ya sala, alikaa kwenye kigoda karibu na friji. Alikifunua kifuniko kiasi. Alitia mkono ndani, akafumba macho, akangoja.

Baridi ilipanda polepole. Kwanza ncha za vidole zilipotea. Kisha kelele za Buyenzi zilisogea mbali, nyundo moja baada ya nyingine. Ndipo alipouona ufuko wa ziwa kule Kibenga. Waliwahi kwenda huko wawili, kabla ya vita, kwa gari la mteja. Twalibu alisema analijaribu tu gari, akalijaribu mchana kutwa. Katika ile ndoto ya mchana, maji ya ziwa yalikuwa meupe kwa mwanga. Twalibu alitembea mbele, miguu mitupu, suruali ameikunja. Hakugeuka. Mwavita alimfuata akisema moyoni, geuka kidogo, geuka nikuone. Vidole vilipoanza kuchoma, ziwa liliondoka, na Twalibu naye aliondoka bado hajageuka.

Basi kesho yake Mwavita aliuacha mkono ndani zaidi.

Msimcheke. Kila mfiwa ana mlango wake wa kupigia hodi, na huu ulikuwa wake.

Lakini mwili una hesabu zake. Kidonda kidogo kilitokea kwenye ncha ya kidole cha shahada, kile kinachosukuma sindano. Hakikupona. Ngozi yake ikawa ngumu na nyeusi. Mwavita alikifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, akaukaza sana. Buyenzi kila kitu kinafungwa kwa mpira wa tairi: bomba linalovuja, ndoo iliyopasuka, kioo cha gari. Kwa nini kidole kisifungwe?

Sindano ikawa inaanguka. Kofia ya Massoudi ilibaki nusu, imekunjwa chini ya mto.

Alasiri moja Sijaona alirudi mapema kutoka sokoni. Alimkuta mama yake amefumba macho, mkono kwenye friji mpaka kwenye kiwiko.

"Mama! Unatafuta nini mu frigo?"

Mwavita alishtuka. "Natafuta marakuja."

"Marakuja iliisha asubui. Leta mukono nione."

"Niache, mutoto."

Sijaona aliushika mkono. Ulikuwa baridi na mweupe, na ule ukanda mweusi wa mpira umekaza kidoleni. Binti alianza kulia.

"Mama, hiki kidole kinaoza. Unajua kinaoza?"

Hapo Mwavita alimwambia yote. Alimwambia habari ya Kibenga na maji meupe. "Baba yako anakuja," alisema. "Anakuja kwa mukono huu. Nikiuponya, atapita wapi?"

Sijaona alijifunga mtandio, akaenda kumtafuta Ingrid.

Ingrid alikuwa rafiki yake wa shule. Sasa alisomea udaktari. Aliishi Mutanga Nord, upande wa pili wa mji, na miaka ile kuvuka kutoka mtaa hadi mtaa hakukuwa jambo jepesi. Kulikuwa na njia ambazo watu wa kabila fulani hawakupita, na nyingine ambazo watu wa kabila jingine hawakupita. Lakini Buyenzi ilikuwa haiulizi mgeni ametoka wapi, ila kama ameshakula. Ingrid alikuja siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana, na bado alilazimishwa kula. Mkononi alibeba sanduku la mbao.

Aliosha mikono, akaketi mbele ya Mwavita.

"Mama Sijaona, shikamoo. Unaniruhusu nione mukono?"

"Marahaba, mwanangu. Ona. Lakini mi si mugonjwa."

Ingrid kwanza alifungua ule ukanda wa mpira, polepole. "Iyi tutaitoa, mama. Mupira unazuia maji kutoka mu bomba, ni kweli. Lakini hapa unazuia damu kuingia. Na kidole bila damu hakiwezi kupona."

Kisha alimuuliza maswali. Vinaanza lini? Vinageuka rangi gani kwanza? Anavuta tumbaku? Viungo vinamuuma? Mwavita alijibu yote, ila hakutaja mkono ndani ya friji. Hilo Sijaona alikuwa ameshamwambia Ingrid.

"Mama," Ingrid alisema, "maji ikipunguka mu robine za Buyenzi, wanafanyaka nini?"

"Wanafunga maji ya barabara zingine, ili zingine zipate."

"Mwili nayo iko vile. Damu haitoshi kujaa fasi zote za mwili kwa mara moja. Kwa hiyo mishipa midogo sana, myembamba kuliko uzi wako, inafanya kazi ya robine: inafungua, inafunga. Kuta zake zina misuli. Misuli ikikaza, njia inakuwa ndogo. Ikilegea, njia inapanuka. Ukikula, damu inaenda kwa wingi mu tumbo. Ukikimbia, inaenda mu miguu. Ukisikia joto, inakuja mu ngozi ili upoe. Na ukishika barafu?"

Mwavita aliwaza. "Inakimbia vidole."

"Ndiyo. Inarudi ndani, ili moyo usipoteze joto. Kila mutu iko vile. Ila kwa watu wengine, na wanawake ni wengi, robine za vidole zinafunga kwa nguvu kupita kiasi, na zinachelewa kufunguka. Profesa wetu, docteur Népomuscène, anachunguza kitu hiki, na sisi wanafunzi tunamusaidia. Mutu anatia mukono mu maji ya baridi, sisi tunaangalia damu inarudi kwa muda gani. Bado kuna mengi hatujui."

"Na bunduki?" aliuliza Mwavita kwa sauti ndogo. "Mbona bunduki zikilia, vinakuwa hivyo hivyo?"

"Ni woga, mama. Mwili ukiogopa unaita damu mu moyo na mu miguu, ili ukimbie. Vidole vinangojeshwa. Na hapa kwetu, miaka hii, ni mwili wa nani hauogopi?"

Mwavita alitikisa kichwa. Maneno aliyasikia, lakini moyo haukuyafungulia. "Unasema vizuri, mwanangu. Lakini we hujaona ninachokiona mi."

"Ni kweli. Basi njoo uone ninachokiona mi."

Ingrid alifungua lile sanduku. Ndani mlikuwa na hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Aliiweka barazani, mahali ambapo jua lilipenya. Aliomba mafuta ya kupikia, akadondosha tone moja kwenye kidole cha pete cha Mwavita, pale ngozi inapokutana na ukucha. Mafuta yanafanya ngozi ipenyeke kwa macho, alisema. Aliweka kidole mahali pake, akarekebisha hadubini, akasogea kando.

"Angalia, mama. Usitikisike."

Mwavita aliinama. Mwanzoni aliona weupe tu, kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Kisha ukungu ulitulia, na vitu vikaanza kujitokeza.

Vilikuwa vitanzi. Vitanzi vidogo vyekundu, vimepangwa mstari kwa mstari, kila kimoja kinapanda, kinakunja shingo, kinashuka. Alivijua. Maisha yake yote alikuwa akishona vitanzi kama hivyo. Alitazama mishono ya mtu mwingine, fundi asiyekosea, aliyeshona ndani ya kidole chake tangu hajazaliwa.

"Subhanallah," alinong'ona. "Sijaona, ni kofia. Humu ndani kuna kofia."

Na mishono ile ilikuwa hai. Ndani ya kila kitanzi kitu chekundu kilitembea, punje kwa punje, bila haraka. Mwavita aliyasahau macho ya watu. Alisahau kigoda na mgongo wake. Ilikuwa kama amekaa kandokando ya mto mdogo, katika nchi ya watu wadogo wanaobeba mizigo kwenda na kurudi.

Ghafla milimani bunduki zililia. Si karibu, lakini zililia.

"Usitoe kidole," Ingrid alisema. "Endelea kuangalia."

Zile punje zilipunguza mwendo. Zikasita. Vitanzi vingine vilififia, vikawa kama uzi uliofuliwa mara nyingi. Mto ulisimama.

"Imesimama!" Mwavita alilia. "Mwanangu, imesimama!"

"Robine zimefungwa. Zenyewe hatuzioni apa, ziko nyuma kidogo. Tunaona tu damu inakosa njia. Angalia mukono."

Mwavita aliinua uso. Vidole vilikuwa vyeupe kama chaki. Ilikuwa baridi ile ile, ya Twalibu. Alitaka kufumba macho, Kibenga imchukue. Lakini sasa alijua nini kinaendelea ndani. Ile nchi ndogo ilikuwa imekaa kwenye kiangazi, na kila alasiri yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipelekea kiangazi hicho.

Sijaona alikuwa ameshakimbia kuleta mbabura yenye makaa. Ingrid alimzuia mlangoni.

"Apana! Si makaa. Kidole kikiwa ivi hakisikie moto. Kitaungua, na mama hatajua. Leta beseni ya maji ya vuguvugu. Onja kwanza kwa kiwiko, kama unataka kuosha kitoto kichanga. Na we, mama, vuta pumzi polepole. Toa polepole. Jifunike kanga mabegani, mwili wote upate joto, si mukono tu."

Mwavita alitia mikono majini. Hakuna kitu. Halafu vidole vikawa vya zambarau. Halafu joto likaingia, likiwa na miiba yake. Wekundu ulipanda taratibu kutoka kwenye kiganja.

"Kwa hiyo Twalibu haji," alisema, na machozi yalimdondoka ndani ya beseni. "Siku zote nilikuwa nashika barafu tu."

Ingrid alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mama, mi mambo ya marehemu siyajui. Iyo si masomo yangu. Najua tu kwamba baridi iyi ni robine zimefungwa. Ukizifunga kila siku, kidole kitakufa. Wanaweza kukikata."

Mwavita aliendelea kuitazama mikono yake ndani ya maji. Ilikuwa moto sasa, moto kweli, na ikamjia kumbukumbu ambayo msiba ulikuwa umeifunika. Twalibu akirudi kutoka gereji jioni. Twalibu, aliyeshinda amezamisha mikono kwenye injini, akija nyuma yake jikoni na kumshika shingo. Na yeye akipiga kelele: toka na mikono yako ya moto, we mwanamume!

Kila jioni ilikuwa hivyo. Baridi ilikuwa siku moja tu.

"Alikuwa moto," Mwavita alisema. "Sijaona, baba yako alikuwa na mikono ya moto."

"Kama mbabura," Sijaona alijibu. Akacheka huku analia, na mama yake vile vile.

Walipotazama tena kwenye hadubini, mto ulikuwa unatembea.

Juma lile Mwavita alikwenda kwenye kituo cha afya. Walimsafisha kidonda na kukifunga kwa kitambaa laini, bila kukaza. Daktari alimpima damu, kwa sababu vidole vya namna hii vikianza kwa mtu mzima, pengine nyuma yake kuna ugonjwa mwingine. Kwake hakuuona. Alimpa vidonge vya kulegeza mishipa midogo. Alimwambia arudi haraka kama kidonda kitaongezeka weusi au maumivu. Pia alimkataza kukaa karibu na wavuta sigara, kwa sababu tumbaku nayo inabana mishipa.

Nyumbani mambo yalibadilika. Asubuhi Sijaona ndiye aliyetoa barafu. Asipokuwepo, Mwavita alivaa soksi nene za kazi za Twalibu mikononi, ndipo akafunua friji. Watoto wa mtaa walikufa kwa kicheko. "Mama Sijaona anatembea kwa mikono!" waliimba. Mwavita aliwapungia soksi. Majirani waliotafuta mchawi kwenye uzi walikuja mmoja mmoja kuuliza, na mmoja wao alitoa mkono wake mwenyewe chini ya mtandio. Nao ulikuwa mweupe. Mwavita alimweleza habari ya robine, akamwonyesha njia ya kituo cha afya.

Bunduki hazikukoma kulia, hiyo haikuwa kazi ya daktari. Zilipolia, Mwavita alitia vidole kwapani, akavuta pumzi polepole, akaiwaza ile mishono myekundu. Mara nyingine vilibadilika rangi, mara nyingine havikubadilika. Lakini kidonda kilifumba. Ngozi mpya ikatokea, nyororo kama ya kitoto.

Akaitoa kofia chini ya mto.

Alishona alasiri, kwenye kigoda kile kile, friji likiunguruma na kifuniko kimefungwa. Nusu ya kwanza ya kofia ilikuwa na vitobo vya nyota, kama walivyozoea mafundi wote. Nusu ya pili aliijaza vitanzi vidogo, mstari kwa mstari, kila kimoja kinapanda, kinakunja shingo, kinashuka. Watu walimuuliza amejifunza wapi mshono huo. Alisema yeye ameunakili tu.

Siku ya harusi Massoudi alipiga magoti barazani, mbele ya wazee, ili avishwe kofia. Mwavita alimshika kichwa kwa mikono miwili, akaiweka sawa, akaibonyeza pembeni. Bwana harusi alishtuka kidogo.

"Mama! Mikono yako iko moto."

"Vumilia," alisema Mwavita. "Baba mukwe wako alikuwa mubaya zaidi."